Babu wa Kuazima

Kila asubuhi, Kwamboka alimpikia mama yake chai ya maziwa kabla ya kwenda shule. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku mjini Fort Worth, na alifika nyumbani kwao Arlington akiwa hoi. Ijumaa moja, kabla hajamaliza kikombe, ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye simu yake. Aliusoma, akaurudia, kisha akaangua kicheko.

"Ati Ijumaa ijayo wazazi tuje tusikie habari za babu yako Absalom, aliyefika Texas zamani juu ya farasi, akichunga ng'ombe! Absalom gani huyo? Baba yangu anayemkimbia hata punda wa jirani? Huyo hajawahi kutoka Kisii!"

Lo! Mdomo wa Kwamboka ulikuwa umemponza. Alianza kulia.

"Darasani kila mtu alieleza nani wa ukoo wake alitangulia kuja Amerika," alisema. "Wa Jessica alikuja zamani sana. Mimi niliona haya, Mama, nikamtaja Babu na farasi. Walinipigia makofi, nikaongeza ng'ombe. Nikisema ukweli sasa, watanicheka mwaka mzima!"

Mama aliacha kucheka. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako imeishia kwenye kikombe cha chai. Kesho twende Houston, ukaulize ukweli."

Huko Alief, mtaa wa Houston, Nyanya Theodora, dada mkubwa wa babu Absalom, aliwapokea kwa ugali na mboga.

"Nyanya, ni nani wetu wa kwanza kuja huku?" Kwamboka aliuliza.

"Si mimi hapa! Nilikuja kusoma, karo ikaisha, nikawa nauguza wazee mchana na kusoma jioni." Alilipiga kofi kochi lake kuukuu lililofunikwa vitambaa vya kufuma. "Mama yako alilala hapa. Mjomba wako Elphas pia, na watu wengine ambao hata sikuwajua. Mgeni akifika nilimwambia: kula, lala, kesho nakufundisha kuendesha gari. Texas hii bila gari utafikaje kazini? Mama yako aligonga nguzo ya kanisa!"

"Shangazi, hayo nayo ya nini?" Mama alilalamika, nao wakacheka. Kwamboka peke yake aliinama.

"Nyanya, nilisema uongo. Sikukutaja kabisa."

"Basi nitaje," alijibu Nyanya.

Ijumaa ilipofika, Kwamboka alisimama mbele ya wazazi na wanafunzi.

"Hakukuwa na farasi," alisema. "Nilidanganya. Naomba msamaha."

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Yeye aliendelea. Alisimulia habari za Nyanya Theodora, za kochi lake, za ugali, na za wageni waliojifunza kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa. Alipofika kwenye ile nguzo, darasa zima lilicheka, na mara hii naye alicheka.

"Nyanya yako bado anaendesha?" Jessica aliuliza.

"Amekuja mwenyewe kutoka Houston. Yule pale nyuma."

Watu wote waligeuka, wakasimama na kupiga makofi. Nyanya Theodora alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Walipotoka nje, alimshika mjukuu wake bega.

"Leo umenifurahisha," alisema. "Lakini sikiliza, Kwamboka. Ukiazima babu wa wenzako, wa kwako atakumbukwa na nani?"