Kinyago Kilichombana Bundi wa Moshi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, imevaa chupi ya kung'aa, buti ndefu na kinyago cha bundi. Inspekta Casimiro Ontiveros aliitazama kama mtu anavyotazama matapishi mlangoni kwake Jumapili.

"Hata kufa wanakufa na chupi," alisema.

Ng'ambo ya ukuta, nusu ya mji wa Puebla ilikuwa ikipiga miguu kwenye mbao, ikisubiri fainali ya mieleka ya Kombe la Kamba Tatu, upuuzi ambao mji ule hujifanyia kila mwaka na kuuita heshima. Walikuwa wakiimba jina moja: Bundi, Bundi, Bundi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba Bundi wa Moshi, bingwa wa miaka mitatu mfululizo, alikuwa amepasuliwa kisogo.

Silaha haikutafutwa mbali. Kombe la mwaka jana lilikuwa limeviringika chini ya benchi. Lenyewe lilikuwa bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Kitako chake tu ndicho kilikuwa cha jiwe la kweli, na penye jiwe palikuwa na damu na nywele.

Daktari wa uchunguzi akapiga magoti, akakishika kichwa kwa glavu.

"Fuvu limebonyea, lakini kitambaa cha kinyago kizima, hakina hata mchubuko. Alipigwa akiwa uso wazi. Kinyago amevalishwa baadaye."

"Na kimembana," alisema Ontiveros.

Kamba za kisogoni zilikuwa zimevutwa hadi mwisho, na bado kingo hazikukutana. Matundu ya macho yalikuwa yamekaa juu ya nyusi. Hata mtu asiyejali mchezo ule alijua kuwa kinyago hushonwa kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe, kama suti ya harusi.

Askari mmoja akatoka chooni na kinyago kingine cha bundi yule yule, kinachuruzika maji. Kilikuwa kimezamishwa kwenye tangi. Hiki kilikuwa kikubwa, na kilikuwa kimekatwa kwa mkasi kuanzia kidevuni hadi utosini, kisha kikashikizwa kwa nyuzi chache ili kikivutwa kidogo tu kiachie.

Walinzi wa korido waliapa kwamba walioingia mle ni watatu. Ontiveros akaanza na mwenye mashindano, don Abundio Lascurain, aliyekuja na pete sita na manukato ya kutosha mazishi mawili.

"Afande, tumalize haraka, watu wanangoja."

"Wanangoja nini, maiti?"

"Wanangoja uso ambao Bundi hajawahi kumwonyesha mtu! Leo Bundi akishinda tu, anararua kinyago mbele yao, anasema: mimi ni Eulalio Quiñones, nipeni kura. Chama kimeshamsimamisha ubunge. Mabango yenye sura yake yamejaa ofisini kwangu."

"Akishinda? Fainali haijapigwa."

Don Abundio alimtazama kwa huruma. "Afande, na wewe bwana."

Wa pili alikuwa mpinzani wa fainali, Daktari Sumu, pande la mtu lenye kucha za rangi ya kijani.

"Ulimchukia marehemu?"

"Miaka yote nakitamani kinyago chake. Ningekipata ningekitundika sebuleni, mke wangu awe anakifuta vumbi."

"Kwa hiyo ungemuua ungeondoka nacho."

"Sasa nikiache, kwani mimi kichaa?"

Ontiveros alimwamini. Zuzu wa namna ile haachi nyara sakafuni. Na don Abundio angeuacha uso wazi, aupige picha, auuze kabla damu haijakauka. Aliyemfunika maiti alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alibaki Nabor Quiñones, mdogo wake marehemu. Alikuwa amekaa juu ya begi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Kazi yako nini hapa, Nabor?"

"Nabeba mabegi. Namfunga kaka kamba za kinyago. Nampa maji."

"Basi?"

"Basi, afande."

"Daktari wa uchunguzi ameyaangalia magoti ya kaka yako. Anasema yamekwisha zamani. Mtu yule ngazi zilimshinda, sembuse kuruka kutoka juu ya kamba. Nani alikuwa anaruka?"

Nabor alitazama buti zake.

"Vua kofia."

"Nasikia baridi."

"Vua kofia, bwana."

Mkono ulipanda polepole kama wa mtu anayevuliwa suruali sokoni. Chini ya kofia, paji la uso lilikuwa kovu juu ya kovu, mitaro ya wembe ambayo wacheza mieleka hujichanja ili damu imwagike na waliolipa kiingilio wafurahi. Sikio la kulia lilikuwa limejikunja kama ukoko wa mkate.

"Mbeba mabegi gani huyu?" Ontiveros alisema. "Begi lilikuchanja wembe?"

Ng'ambo ya ukuta: Bundi, Bundi.

"Makombe yote matatu ni yangu," Nabor alisema mwishowe. "Nimevunjika mbavu ndani ya kinyago kile, watu wakampelekea yeye maua. Nikasema sawa. Bundi si yeye wala si mimi, Bundi ni Bundi. Sote hatuna uso, hakuna aliyemzidi mwenzake. Leo nimetoka kupiga nusu fainali, nimelowa jasho, namkuta kwenye kioo anajifunza kutabasamu. Kinyago chake ameshakikata. Ananiambia, ukishashinda ingia chini ya ulingo tubadilishane, mimi nitoke niwaonyeshe uso. Nikamuuliza, na mimi? Akasema, wewe utanibebea mabegi bungeni."

"Ukalichukua kombe."

"Lilikuwa langu."

"Halafu ukamvika kinyago chako, mjinga wewe. Ungemwacha alivyo, nisingekupata."

Nabor alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huzikwa. "Uso wake ulikuwa nje, afande. Na mlango ule haufungiki."

"Kwa hiyo kumuua ni sawa, kumwona ndiyo aibu."

"Ndiyo."

Ontiveros alitaka kucheka. Kicheko hakikuja, akaishia kutema mate kwenye ndoo. Akaagiza pingu.

"Kutoka ni kwa kupitia ukumbini tu," Nabor alisema. "Niazime kile kilichokatwa. Nitakishika kwa mkono."

"Ni ushahidi. Twende."

Wakapita katikati ya watu. Muuza mbegu za maboga akavuta kikapu chake karibu na miguu. "Wamemnasa mwizi wa simu," alimwambia jirani yake, na habari ikawatangulia safu kwa safu. Bilauri ya bia ikamtua Nabor begani.

"Huna haya, unaiba siku ya Bundi?"

Karibu na ulingo, Nabor alisimama. Taa zilikuwa zimeshawashwa, kamba zimekazwa. Nyuma yake alikuwa ameketi mzee mmoja aliyevaa kinyago cha bundi cha kununua kwenye meza za nje, matundu ya macho yamekaa upande. Mzee akamgonga mgongoni kwa ngumi.

"We mwizi, unanizibia. Pisha, Bundi anatoka."

Nabor aliinamisha kichwa, akampisha.