Kitanda cha Mzigo

Katika soko la jumla la nguo lililo ng'ambo ya stesheni ya reli ya Guangzhou, mtu anayetaka koti moja ni msumbufu. Huko watu hununua kwa mafungu, na mwenye kibanda ana haki ya kukutazama kana kwamba umeingia kiwandani kuomba msumari mmoja. Rodrick hakulijua hilo. Alikuwa na miaka mitatu mjini hapo, akisomea udaktari wa uhandisi wa maji kwa ufadhili, na Kichina chake hata walimu walikisifu, lakini nguo zake zote alikuwa akiagiza kwa simu. Siku hiyo alisimama ghorofa ya tatu, watu na mikokoteni wakimpita huku na huku, ameshika koti la kijivu, akijieleza kwa sentensi ndefu zenye adabu. Mama mwenye kibanda alikuwa akila tambi na kutikisa kichwa. Moja haiuzwi.

"Laoban, litie kwenye oda yangu," ilisema sauti nyuma yake, kwa Kichina kibovu kilichosemwa kwa uhakika. "Nilichukua ishirini. Sasa yawe ishirini na moja."

Mama yule akaweka tambi chini na kuanza kufunga, akimwita naye laoban, yaani bosi, kama alivyoitwa yeye.

Rodrick aligeuka. Alikuwa dada mrefu, gauni la kitenge cha bluu chini ya jaketi la jinzi, raba nyeupe, pochi imefungwa kiunoni, na kalamu ya wino mzito ya kuandikia mafurushi imechomekwa kwenye nywele zilizosukwa vizuri. Hakuwa na haraka katikati ya watu wote wale wenye haraka. Rodrick alimpenda hapo hapo, na mimi sitaki kuzunguka mbuyu juu ya jambo hilo.

"Kaka, Kichina chako kizuri mno," dada akamwambia kwa Kiswahili. "Ndiyo maana hawakuuzii. Ukiongea kama mtangazaji wa redio wanajua huna mzigo."

Aliitwa Domina, mtu wa Bukoba, na kwa miaka saba alikuwa akienda na kurudi kati ya Kagera na Guangzhou. Alimuuliza koti ni la nini. Rodrick akamweleza kwamba mwezi wa nne anakwenda Vienna, kwenye mkutano wa wataalamu wa maji, siku nne, na huko baridi bado haijaisha. Domina hakuuliza juu ya mkutano. Aliuliza kama amepata pa kulala.

Hapo ndipo Rodrick alipojua amekutana na nani. Mfanyabiashara wa Tanzania akitaka kuja Guangzhou, kabla hajauliza bei ya viatu, huambiwa mtafute Domina akukatie chumba. Rodrick alikiri kwamba ana hoteli mbili tu kichwani: moja iliyopendekezwa na wenye mkutano, ambayo ingemeza posho yote ya chuo, na nyingine rahisi iliyo nje ya mji.

"Nje ya mji si rahisi," Domina alisema. "Utalipa kwa miguu na kwa nauli. Nipe wiki mbili."

Zilikuwa wiki mbili tamu. Walikutana mchana katika mgahawa mdogo wa mtaa wa Xiaobei unaopika wali na maharage, wakaweka simu katikati ya sahani, na Rodrick akaanza kujifunza kazi ambayo hakujua kuwa ni kazi. Domina hakutazama picha zilizopigwa na hoteli. Alitazama zile zilizopigwa na wageni, zenye taulo zilizotupwa na kioo chenye madoa. Hakusoma sifa. Alianza na malalamiko, akiyasoma taratibu huku akitafuna.

"Mtu akilalamika mhudumu hakutabasamu, chukua," alimfundisha. "Akilalamika kengele za kanisa zimemwamsha, chukua, hiyo iko katikati ya mji. Akisema chumba kina harufu ya unyevu, kimbia."

Aliwaandikia wenye hoteli mwenyewe. Aliwauliza kama kodi ya mji imo ndani ya bei au inangoja mgeni afike, kama lifti inafika ghorofa ya juu kabisa, kama chumba kinatazama barabara ya tramu au ua wa nyuma, na kama chai ya asubuhi ina mayai au ni mkate na siagi tu. Kuna hoteli mbili zilizoacha kumjibu. Domina akafurahi, akasema asiyejibu kabla hajalipwa hatajibu akishalipwa. Rodrick alikuwa amekaa na maprofesa wa nchi nne, na hakuwa ameona akili iliyonyooka namna ile.

Mwishowe ikabaki hoteli moja ndogo, nyuma ya soko la mboga, mwendo wa dakika kumi na mbili hadi ukumbi wa mkutano. Wakaitembea njia hiyo kwa vidole juu ya ramani, kidole cha huyu na kidole cha yule, wakapita kwenye bustani, wakasimama mbele ya kanisa.

"Mji kama huu si wa kutembea peke yako," Rodrick alisema.

"Kwanza tuone viza yako, daktari," Domina akamjibu, akicheka, na hakuondoa kidole chake.

Ofisi ya viza ilitaka uthibitisho wa malazi, kwa hiyo Domina alikata chumba kupitia akaunti yake, maana kwa kukatia watu vyumba miaka yote hiyo alikuwa na punguzo ambalo wengine hawana. Ujumbe ukamfikia Rodrick akiwa maabara. Tarehe sawa, jina lake sawa, chumba cha ua wa nyuma, chai ya asubuhi imo. Chini yake ikaandikwa: vitanda viwili.

Rodrick alisoma mara tatu. Vitanda viwili, na yeye mtu mmoja. Basi anakuja. Na angalia adabu yake, akajiambia, hakuchukua kitanda kimoja kikubwa; kila mtu na chake, mpaka mambo yatakapokuwa rasmi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mtu aliyepata alichokitamani haulizi, anaogopa kunyang'anywa. Badala ya kumpigia Domina, alimpigia Flavia, rafiki yake Domina aliyeshirikiana naye chumba na kontena la mizigo, akamuuliza Domina anavaa viatu namba ngapi. Alitaka kumnunulia buti za baridi.

"Za wapi tena?" Flavia akauliza.

"Za Vienna. Tumeshachukua chumba."

Maneno mawili tu, lakini yalitembea Guangzhou nzima. Flavia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefurahi, na mtu aliyefurahi hana kufuli mdomoni. Jumapili, baada ya ibada ya Waafrika Mashariki, kina mama walimzunguka Domina wakimpongeza kwa safari ya Ulaya. Mmoja, mtu mzima wa Muleba, alimvuta pembeni na kumuuliza kwa upole kama nyumbani wanajua kwamba analala chumba kimoja na mwanamume ambaye hawajamwona. Baba yake Domina ni katekista. Nusu ya watu wa Kagera waliopo Guangzhou walifundishwa naye kipaimara, na ni wao waliompa Domina wateja, kwa sababu jina lake lilikuwa safi. Jina hilo ndilo lililokuwa mtaji wake.

Simu ya Rodrick iliita saa tisa alasiri.

"Mpenzi, nilikuwa nakuwaza sasa hivi," alisema.

"Rodrick, ulimwambia Flavia tumechukua chumba?"

Hakumwita daktari. Rodrick alisikia hilo kabla hajasikia swali. "Vitanda ni viwili, Domina. Nilidhani..."

"Kila mfanyabiashara wa hapa analala chumba cha vitanda viwili. Kimoja chake, kimoja cha mzigo. Sanduku lako ungelifungulia wapi, sakafuni? Makaratasi yako ya mkutano ungeyatandaza wapi? Miaka saba nawakatia watu hivyo, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nakuja kulala naye." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Nilikutafutia kitanda cha mzigo, wewe ukanilaza juu yake mbele za watu."

"Nisamehe. Sikujua."

"Ungeuliza. Kuniuliza kungekupunguzia nini?"

Akakata. Kabla jua halijazama ujumbe mpya ukaingia kwenye simu ya Rodrick: malazi yamebadilishwa, mtu mmoja, kitanda kimoja. Aliusoma mstari kwa mstari. Hoteli ilikuwa ile ile. Chumba bado kilitazama ua wa nyuma, na chai ya asubuhi ilikuwamo. Domina angeweza kufuta yote na kumwachia ofisi ya viza imkatalie. Akiwa na hasira kiasi kile, bado alihakikisha atalala bila kelele za tramu. Rodrick aliumia kwa hilo kuliko ambavyo angeumia kwa matusi.

Alimpigia siku nne, hakupokea. Flavia, akiwa na aibu usoni, alimwambia kwamba Domina amekwenda mji wa Shiling kuchagua mikoba na amekaa huko siku tatu kwa kazi ya siku moja, ili asionane na watu. Rodrick alifikiria kupanda basi amfuate. Akaona si haki. Akimwomba radhi pembeni, mikobani huko Shiling, yeye ndiye atakayepona, na jina la Domina litabaki lilivyo. Lilichafuliwa ibadani, lisafishwe pale pale.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, kiongozi wao Mzee Sostenes aliuliza kama kuna mwenye neno. Rodrick akasimama. Alikuwa mtu anayeweza kueleza mtiririko wa maji kwa saa nzima bila karatasi, lakini pale maneno aliyatoa moja moja.

"Mimi nina neno la kutubu," alisema. "Dada Domina hakuniahidi safari, wala hakuwa na habari. Alinisaidia kupata hoteli kama anavyowasaidia ninyi. Nikaona vitanda viwili, nikajaza mwenyewe yaliyobaki, nikayatangaza. Nilichosema kilikuwa matamanio yangu, si neno lake. Kosa ni langu peke yangu, na namwomba radhi mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele yenu."

Baba mmoja muuza simu wa Mwanza akauliza kutoka nyuma, kwa mshangao wa kweli, inakuwaje msomi akae China miaka mitatu asijue kitanda cha mzigo. Watu wakaangua kicheko, yule mama wa Muleba akicheka kuliko wote, na kicheko hicho kikaondoa uchafu mwingi kuliko hotuba. Domina peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, gauni jeupe la mikono mirefu, akitafuta kitu mkobani ambacho nadhani hakikuwemo.

Mlangoni alipita karibu na Rodrick na kusimama.

"Viza umepata?"

"Juzi."

"Chukua soksi nzito," alisema, akaenda zake.

Rodrick alibeba sentensi hiyo mpaka uwanja wa ndege.

Alifika Vienna jioni, akalala. Asubuhi saa mbili, ambayo Guangzhou ni saa nane mchana, alipiga simu bila tumaini kubwa. Ikapokelewa. Domina alikuwa mtaa wa Kangle, kwenye karakana aliyokuwa ameipa kazi ya kushona sare za shule, na vyerehani vilinguruma nyuma yake.

"Maji ya moto yapo?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Yapo, tena mengi. Lifti inafika juu. Sikusikia tramu hata moja. Nimekula mayai mawili, na mama wa mapokezi hakutabasamu."

Domina akacheka. Zilikuwa zimepita wiki nne bila Rodrick kusikia kicheko hicho. Akamweleza kwamba ametembea kutoka stesheni bila kumuuliza mtu njia, kwamba wenzake wa mkutano wamelala mbali na wanalalamika, na kwamba kila alipogusa kitu chumbani aliona mtu alishakifikiria kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kumtunza hivyo akiwa mbali naye kiasi hicho.

"Ni kazi yangu," Domina alisema.

"Najua. Nakupenda, Domina. Sikukwambia mapema, nikaenda kuwaambia watu yasiyokuwepo. Jana kabla ya kupanda ndege nilimpigia baba yangu kule Moshi. Nilimwambia kuna mtu, na kwamba sijamuuliza, kwa hiyo asimwambie yeyote."

"Na sasa?"

"Sasa nauliza. Ukikataa, nitakuwa nimejibiwa, na sitajaza lolote. Ukikubali, naomba unitajie jina la mzee wako, na siku ambayo nyumbani kwenu wanapokea wageni."

Rodrick alisikia vyerehani, akasikia fundi akimwita Domina laoban, naye Domina akamwambia kwa Kichina chake kile kibovu kwamba angoje. Fundi akangoja, na Rodrick naye, ng'ambo ya dunia, akangoja, simu imemganda sikioni.

"Anaitwa Anatory," Domina alisema mwishowe, taratibu. "Wazee wako wakifika waseme Ta Anatory, Wahaya tuna heshima zetu. Jumapili yuko kanisani kutwa nzima. Waje Jumamosi."