Vidole Vinne Juu ya Mlango

"Nani kajaza saruji hapa?"

Miezi mitatu hajakanyaga, na salamu yenyewe ndiyo hiyo. Mchumba wangu, fundi seremala, alisimama mlangoni mwa nyumba ya magogo aliyoijenga ili tuhamie tukishaoana.

"Mimi. Dada alilicheka lile pengo juu ya mlango, nikaita mwashi alizibe."

"Nilikukataza kuligusa."

"Hukusema kwa nini. Wewe maneno unayatoa kwa kijiko."

Sikusikia hasira wala furaha. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ujumbe wake wa mwisho bado ninao: "Kama unataka nyumba ya matofali, tafuta mtu wa matofali." Nilipiga simu mara tisa, hakupokea.

"Gogo likikauka linasinyaa," alisema. "Kuta zinashuka. Niliacha pengo la vidole vinne zipate pa kushukia. Sasa zimekwama kwenye fremu. Tazama."

Nikatazama. Mwanga wa nje ulipenya kati ya gogo na gogo.

"Nilidhani umelipua kazi."

"Nyumba yako wewe, nilipue?" Akainama. "Basi. Nimekuja kuchukua vifaa vyangu."

"Chukua. Ila ujue, kila siku nakuja kukaa humu. Jua la saa saba linawaka nje, ndani kumepoa bila feni. Na ile miche uliyopanda kufidia miti uliyokata naimwagilia. Imenifika magotini."

"Hata baada ya ujumbe ule?"

"Ulinitukana mimi. Miche ina kosa gani?"

Akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Matofali yangechomwa kwa kuni, miti ingeishia moshi. Kwenye nyumba ya magogo, hewa chafu iliyovutwa na mti imebaki ndani ya gogo. Ndiyo maana niling'ang'ania. Ningekueleza, badala yake nikanuna."

"Ulinuna miezi mitatu."

"Nisamehe, mama."

Akatoa patasi na nyundo.

"Nishikie ngazi."

Nikashika. Vumbi la saruji lilinijaa kichwani. Kipande cha mwisho kilipotoka, ukuta uliguna kama mzee anayekaa kitini, ukashuka. Ule mwanga ukapotea.

"Nyumba itashuka mpaka lini?" nikauliza.

"Miaka mitatu, minne. Lazima mtu awe anaikagua."

"Mtu gani?"

Akashuka ngazi, akasukuma sanduku la vifaa mpaka chini ya kitanda chetu ambacho hakijalaliwa bado.

"Mumeo."

Hapo ndipo nilipolia.