Damu Inayochelewa Kuganda

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi sita, lakini mashine yake haikupumzika. Alishona sare za shule kibarazani, tumbo likigusa meza. Mumewe, mwokaji mikate, alimtania: "Huyo mtoto atazaliwa anajua kutia vifungo."

Siku ya kliniki alifika mapema, akakuta benchi zote mbili zimejaa. Zamu yake ilipofika, Sista alimpima presha, akampima tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto. Fundi akaanza kuvaa viatu.

"Bado kidogo, dada," Sista alisema. Alivuta karatasi nyeupe. "Nyumbani kwenu mlizaliwa wangapi?"

"Watatu. Kaka yangu mkubwa alifariki akiwa na miaka sita. Tumebaki mimi na mdogo wangu wa kiume, seremala."

Sista alichora duara moja la Fundi na miraba miwili ya kaka na mdogo wake. Mraba wa marehemu akaukata kwa mstari.

Muuguzi mwenzake alichungulia mlangoni. "Sista, foleni imefika getini, wewe unachora nyumba?"

"Nachora ukoo. Dakika tano tu." Akamgeukia Fundi. "Huyo mkubwa alifariki kwa nini?"

"Aling'olewa jino. Damu haikukatika. Mama hapendi tuliongelee."

"Pole sana. Na huyo seremala, akijikata kazini?"

Fundi akacheka. "Huyo tunamwita Bandeji! Mkwaruzo tu, damu siku nzima. Na goti lake huvimba bila hata kugongwa. Watu husema anakwepa kazi."

Sista hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Dada, kuna ugonjwa unaitwa hemofilia. Damu hukosa kitu kimoja kinachoifanya igande. Sijui kama mdogo wako anao, kipimo ndicho kitasema. Lakini wajomba wawili wa huyu mtoto wametoka damu kupita kiasi. Siwezi kulifumbia macho. Njoo Alhamisi na mdogo wako. Na mama, kama atakubali."

Mama hakukubali upesi.

"Nani kakutuma kumtaja mwanangu kliniki?" alimfokea Fundi. "Alikuwa na bahati mbaya. Basi!"

Bandeji alikuwa amekaa sakafuni, mguu kaunyoosha. "Mama," alisema taratibu, "na goti langu nalo lina bahati mbaya?"

Mama alilitazama goti lililovimba. Alhamisi akavaa kanga yake, akatangulia mlangoni.

Bandeji alitolewa damu. Sista alimkandamiza mkono muda mrefu kabla ya kumwachia. Baada ya wiki mbili majibu yalirudi kutoka hospitali kubwa. Ilikuwa hemofilia.

"Mwili hujengwa kwa maagizo tunayorithi kwa wazazi," Sista aliwaeleza. "Maagizo hayo yanaitwa jeni. Jeni hii ya kugandisha damu, mwanamke anazo mbili. Moja ikiwa na kasoro, nyingine humsaidia, kwa hiyo mara nyingi haugui. Mwanamume anayo moja tu, na anaipata kwa mama yake. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuua mwanangu," Mama alisema.

Sista alisogeza kiti chake.

"Hapana, mama. Urefu wako uliuchagua? Na hili hukulichagua. Wala hukuambiwa na mtu."

Mama alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilikuwa nambadilishia vitambaa mdomoni. Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza. Ananiambia, mama usilie, itakatika."

Bandeji alimshika mkono. Hakuwahi kuyasikia hayo.

"Na mimi je?" Fundi aliuliza, mkono tumboni.

"Huenda umeirithi, huenda hukuirithi. Ni nusu kwa nusu. Tutajiandaa kana kwamba unayo."

Fundi naye akapimwa, ionekane kama damu yake inaganda vizuri. Kisha Sista akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Ajifungulie hospitali kubwa. Mtoto asivutwe kwa vifaa. Damu ya kitovu ipimwe. Mtoto asichomwe sindano mpaka daktari asome kadi hii.

Mtoto alizaliwa asubuhi, wa kiume, mwenye sauti kama king'ora. Wodi ilikuwa na pilikapilika. Mkunga aliyeingia zamu alikuja na sindano wanayopewa watoto wote wachanga. Mama akasimama mbele ya kitanda.

"Mwanangu, soma kadi kwanza."

"Bibi, hii ni kawaida tu."

"Huyu si wa kawaida. Soma!"

Mkunga alisoma. Akairudisha sindano kwenye trei, akaenda kumwita daktari. Aliporudi alisema, "Ahsante, bibi. Umenisaidia."

Majibu yalionyesha kwamba mtoto ana hemofilia. Mwokaji mikate alimgeukia daktari.

"Ataishi?"

"Ataishi, atasoma, atacheza," daktari alisema. "Ipo dawa ya sindano inayojaza kile anachokosa. Asipewe aspirini. Asing'olewe jino wala kutahiriwa kabla hatujamwandaa. Akigonga kichwa, mleteni hapo hapo, hata kama hamwoni damu."

Bandeji naye alianza kupata dawa hiyo. Uvimbe wa goti ulipungua. Hakuna tena aliyemwita mvivu. Jina la Bandeji lilibaki, lakini sasa alilicheka na yeye.

Mtoto alipofika miezi kumi, alijigonga mdomo kwenye ukingo wa kiti. Damu ikatiririka. Fundi hakupiga kelele. Alikandamiza kitambaa safi, akachukua kadi, akakimbilia hospitali. Mtoto akapata dawa. Kufika adhuhuri alikuwa ananyonya huku akivuta hereni ya mama yake.

Wiki ile Mama alimsindikiza binti yake kliniki. Msichana mmoja mjamzito alikuwa ananung'unika kwenye benchi. "Wanauliza mpaka habari za marehemu! Zinawahusu nini?"

Mama alimsogelea.

"Zinakuhusu wewe, mwanangu," alisema. "Nilizaa watoto watatu. Ngoja nikuhadithie kuhusu wa kwanza."