Randa ya Seremala

Walituambia seremala wa nyumba ya pili amekufa kwa presha. Kisha uvumi ukatoka: mzee yule alijiua. Uvumi huo ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki moja kabla, alikuwa amenipa randa yake ya kulainishia mbao.

"Chukua, mama. Mimi sina kazi nayo tena."

"Unahama, mzee?" nikamtania.

Akacheka. Nami nikacheka.

Kwangu yupo baba mkwe, fundi cherehani. Macho yalipopungua nguvu, mume wangu aliifungia cherehani stoo. "Baba, pumzika sasa." Tukaona tumemheshimu. Mzee akawa anakaa akitazama ukuta. Chakula anakigusa tu.

Asubuhi moja binti yangu akaja mbio. "Mama, babu kanipa mkasi!"

Mkasi ule! Hata mimi nilikuwa siruhusiwi kuugusa.

"Uzee huo," mume wangu akasema. "Utoto wa pili."

Mimi nikaikumbuka randa. Nikamwacha mume wangu akae na baba yake, nikakimbilia kwa nesi, jirani yetu, nikamweleza yote.

"Umemuuliza kama anataka kujiua?"

"Nesi! Si nitamtia wazo?"

"Humtii. Kama lipo, lipo. Ukiuliza, unamtua mzigo. Vitu vya hatari viondoe karibu naye. Asibaki peke yake, na mlete zahanati leo hii."

Nikarudi, nikakaa chini mbele yake. "Baba, unafikiria kujiua?"

Akageuka kutoka ukutani. "Tangu cherehani iondoke. Nimekuwa mzigo hapa. Hakuna aliyeniuliza."

Tulikuwa tunapishana naye mlangoni kila siku.

Tulimpeleka siku hiyohiyo. Alikuwa na ugonjwa wa huzuni, na unatibika. Anaendelea na matibabu. Cherehani imerudi, iko dirishani penye mwanga. Juzi aliushika mshono wangu. "Mwanangu, umeshona au umefunga gunia?" Kisha akamgeukia mjukuu. "Nawe, nirudishie mkasi wangu. Ole wako kama uliukatia karatasi!"

Randa bado ninayo. Sina wa kumrudishia.

Mlio na wazee, haya msiyafanye:

Msimnyang'anye mzee kazi yake mkaita heshima. Mpunguzieni tu.

Msiseme "ni uzee" akiacha kula au kuongea.

Msicheke akisema yeye ni mzigo.

Msiogope kumuuliza.

Akisema anataka kujiua, msimfichie siri hiyo, wala msingoje kesho.

Na akikupa kitu alichokipenda, usiseme ahsante kabla hujamuuliza kwa nini.