Kioo Kando ya Jicho la Kamera

Jioni ile nilikwenda mgombani kukata majani ya ng'ombe, mtoto mgongoni, panga mkononi. Na simu. Mungu anisamehe, simu ile nilikuwa siiachi. Mume wangu, Hans, alininunulia mjini Arusha, mwaka ambao simu za kamera zilianza kuonekana kwetu Maji ya Chai. Inaenea kiganjani. Unaisukuma juu, vitufe vinachomoza chini. Nyuma ina jicho la kamera, na kando yake kioo cha duara kama kifungo cha koti, cha kujitazama unapojipiga mwenyewe.

"Wifi," dada yake Hans, Paskalina, alinitania toka jikoni, "hiyo simu utaanza kuinyonyesha lini?"

Nikacheka, nikaenda.

Giza lilikuwa linaingia. Penye masale, mimea ya majani marefu iliyopandwa kwenye kaburi la mama mkwe wangu Elisaria, palibaki mwanga kidogo. Nikamshusha binti yangu mgongoni, nikampakata, nikageuza simu, nikatafuta nyuso zetu kwenye kile kioo.

Nikamwona mtoto.

Mimi sikujiona.

Nikapangusa kioo kwa khanga. Mtoto yumo, anacheka... na mikono iliyompakata ilikuwa ya makunyanzi.

Harufu ya ugoro ikanijia. Kwetu hakuna anayenusa ugoro tangu mama mkwe azikwe.

Kidole kikabonyeza chenyewe. Taa ikamulika.

Nilikimbia, panga nikaliacha hukohuko. Jikoni nikampa mtoto titi. Akageuza uso. Nikampa tena, akapiga kelele kama kashikwa na mtu asiyemjua. Paskalina akachukua simu, akatazama picha. Utani ukamwisha.

"Huyu ni mama," alinong'ona. "Na wewe uko wapi hapa?"

Nikambembeleza mtoto. Paskalina akaweka simu chini.

"Tulikwambia, wifi. Binti wa kwanza ni jina la bibi mzaa baba. Ukajifanya hujasikia."

Kweli, nilikuwa mkaidi. Nilimwita Namnyaki, jina la mama yangu kule Elerai, nikasema mengine ni upagani. Sasa mwanangu alilia hadi sauti ikakauka, na maziwa yananidondoka bure.

Paskalina akachuma jani la sale, akalipiga fundo, akanipa. Ukiombwa msamaha kwa jani hilo, hukatai, hata kama ni adui yako. Nikarudi kaburini na mtoto, nikapiga magoti. Nikasali Baba Yetu. Kisha nikasema, "Shikamoo, mama. Mjukuu wako ni Elisaria. Nirudishie mwanangu."

Migomba ikatulia... kimya.

Mtoto akashika titi.

Hans aliporudi aliitazama ile picha, akasema ni giza tu, vikamera vidogo hivi havioni vizuri jioni. Huenda. Mimi namwomba Mungu iwe hivyo.

Lakini tangu siku ile, kila akinyonya, mtoto huinua mkono mmoja juu ya bega langu. Vidole vimejikunja hewani, vimekaza, kama vimeshika kidole cha mtu aliyesimama nyuma yangu.