Rezistansi ya Tatu

"Félicien, simama. Usifike kwenye mikaratusi. Unanisikia?"



Lucienne alibonyeza kitufe tena. Taa nyekundu ikawaka, ikafa.

Redio ya mawasiliano ilipokea. Kutuma ilikataa.

Alikuwa amepiga magoti kati ya magunia ya mihogo, jikoni kwa Mama Agathe, mtaa wa Nyakasanza. Asubuhi, huko Mbunya, alimsikia Katsuva, mkubwa wa magendo ya dhahabu, akiwatuma watu wenye bunduki kwenye kona ya mikaratusi, njia ya Kpandroma. Félicien, mwenzake Lucienne katika idara ya usalama na baba wa ubatizo wa mtoto wake, alikuwa anakuja na Land Rover kwa njia hiyo.

Hakujua lolote.

Katsuva alimwona Lucienne akikimbia na redio; risasi yake ilimkosa. Ilivunja rezistansi ndani ya swichi ya betri ya gari iliyoilisha redio, ile inayoweka kikomo cha umeme.

Alikuwa na mbili za akiba, za ohmu moja moja. Aliziunga bega kwa bega: nusu ohmu. Volti 0,6 zikifika juu yake, transista hufunga njia. Yaani ampea 1,2 tu. Redio ilidai 1,5 ili itume. Akiweka waya mtupu, umeme wote wa betri ya gari ungeingia na kuiunguza.

Ya tatu ingeshusha nusu ohmu hadi theluthi. Ampea 1,8. Hapo redio ingetuma, na isingeungua.

Hakuwa na ya tatu.

"Bwana, unaona," alinong'ona.

Mlangoni, redio ya Philips ya Mama Agathe iliimba wimbo wa misa kwa sauti kubwa, ili kuficha sauti ya Lucienne. Lucienne aliinua kichwa. Aina ile aliwahi kuifungua. Ndani yake mlikuwa na rezistansi ya ohmu moja.

Lakini ikinyamaza, Katsuva angeshtuka. Alikuwa nyumba ya pili kutoka hapo, akimtafuta.

Alimweleza mama kwa maneno machache. Mama aliitazama redio aliyoachiwa na marehemu mume wake. Akaizima mwenyewe, akampa. Kisha akarudi mlangoni, akaushika wimbo pale redio ilipouacha.

Chuma cha kulehemu kilikuwa tayari kwenye makaa ya mbabula, chini ya sufuria. Lucienne aliing'oa rezistansi ya Philips, akaanza kuiunga na zile mbili. Tone la risasi ya kulehemu likaanguka pembeni. Akarudia.

"Mama, radio imefanya nini?" Ilikuwa sauti ya Katsuva. "Sasa hivi ilikuwa inaimba."

"Mabuye yake ya betri imekufa. Weye mwenye iko na dhahabu, uniletee ingine."

"Iko nani mu jikoni?"

"Iko maharagi. Ingia, ukoroge."

Watu wake walicheka. Katsuva alimsukuma mama pembeni.

Lucienne alibonyeza. Taa ikawaka.

Haikufa.

"Félicien, simama. Mikaratusi iko na bunduki."

Mkwaruzo. Mkwaruzo tena.

"Nimesimama, dada. Nazunguka juu ya kilima na majandarma, askari niliowabeba."

Katsuva aliingia, akakuta mwanamke amepiga magoti. Bastola ya Browning iliyotoka chini ya kitenge aliiona baadaye.

"Na weye piga magoti," Lucienne alimwambia. "Siye tulikuwa tunasali."

Wenzake nje waliisikia sauti ya mkubwa wao ikiomba huruma, wakatupa mapanga yao na kukimbia.

Alasiri Land Rover ilisimama mbele ya nyumba. Waviziaji wote walikuwa nyuma ya gari, wamefungwa kamba. Walikamatwa kutoka nyuma, wangali wakiitazama barabara. Félicien alishuka. Lucienne akamwonyesha Katsuva, naye akampakia.

Kisha Lucienne alirudi jikoni, akaing'oa rezistansi ya tatu, akailehemu mahali pake ndani ya Philips. Mama akazungusha kitufe cha redio.

Wimbo ukatoka.

Lucienne alikaza kitenge chake, akashika barabara. Wimbo ulimfuata hadi kwenye kona. Hakugeuka.